Kanda ya Gavana

Mwanangu Nasra,

Barua za kwetu huanza kwa kusema sisi huku wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Wewe bado hujawa mbali. Uko Tottenham, umekwenda kumuaga shangazi yako, na utarudi kabla ya isha kama treni hazikusumbua. Kwa hiyo hofu ya leo ni yangu, nami naiandika sasa wakati nyumba imetulia.

Mambo ya koti, dawa ya kifua na namna ya kupika wali kwa mchele wa kule sitayagusa. Mama yako amekuandikia kurasa mbili za hayo, na mambo matano ameyapigia mstari. Mimi nina jambo moja tu.

Kazini tulifundishwa kuanza na habari yenyewe, maelezo yafuate. Habari ni hii. Alhamisi ya wiki iliyopita, mezani, uliniuliza kanda ya mazungumzo yangu na Berkes iko wapi. Nilikujibu kwamba ilipotea idhaa yetu ilipohama jengo. Jibu hilo si kweli. Nimelitoa kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa mama yako, kwa marafiki, kwa kila aliyeuliza, na kwa kulirudia limekuwa jepesi mdomoni. Lakini safari hii wewe umelichukua na unataka kwenda nalo kazini. Umeniambia kwamba Jumatatu, siku yako ya kwanza Budapest, utaingia ofisini kwa Berkes mwenyewe umwambie aiondoe aya inayonihusu katika kitabu cha maisha yake. Asipoiondoa, hutaigusa kazi ya toleo la Kiingereza uliyoajiriwa kuifanya. Maana yake unaiweka kazi yako ya kwanza juu ya neno langu. Basi lazima ujue neno langu limebeba nini.

Utaisoma barua hii polepole, kwa sababu Kiswahili unakisikia kuliko unavyokisoma. Nimefanya makusudi. Kwa Kiingereza ningeweza kujificha. Ndiyo lugha niliyoandikia ripoti za ofisi maisha yangu yote.

Kabla sijafika kwenye kosa langu nitataja lako, nilimalize, maana sitaki ukae ukidhani nimelisahau.

Wiki sita zilizopita nilikwenda dukani kwa Jayanti, pale Kingsbury Road, kununua mihogo. Unamjua Jayanti: kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kizuri kuliko chako, na siri haikai kwake hata ukiifungia kwenye mfuko.

"Mzee Mbarouk," akaniambia, "hongera bwana. Binti anakwenda kwa yule rafiki yako gavana, ee?"

"Gavana gani?"

Akaitazama mizani. Mizani ilikuwa haina kitu juu yake.

"Labda nimesikia vibaya."

"Hujasikia vibaya, Jayanti. Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kanunua karafuu za kumpelekea mzee. Kaniambia nimfungie vizuri zisipoteze harufu." Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema na alitaka kunipooza, akaongeza, "Mihogo ya leo chukua tu."

Sijawahi kupewa mihogo ya bure na Jayanti. Ndipo nilipojua jambo ni kubwa.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama yako kama alijua. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi, na hakuinua kichwa.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotuma maombi. Tungekwambia ungemkataza."

"Nisingemkataza."

"Ungenyamaza. Kunyamaza kwako, Mbarouk, ndiko kukataza kwenyewe."

Hilo ni kweli. Lakini lazima niliseme kwa usawa: ulimwandikia mtu yule kwa jina langu, ukamwambia wewe ni binti wa Mbarouk, akakujibu kwa furaha, ukakaa miezi miwili ukila nami meza moja bila kuniambia. Alijua mama yako, alijua shangazi yako, alijua muuza mihogo. Kwenda sikulaumu. Nafasi ni nzuri, umeipata kwa akili yako, na uchumi unaujua kuliko nilivyowahi kuujua mimi. Kunificha ndiko kulikoniuma. Nilikaa siku nyingi nikijiona mtu aliyesalitiwa mara mbili katika maisha yake, mara zote mbili kwa ajili ya mtu mmoja. Nilikuwa nimeanza hata kuizoea hali hiyo. Kisha ukaniuliza habari ya kanda, nikakudanganya bila kupepesa, na hesabu yangu ya usaliti ikavurugika.

Sasa nikueleze Berkes alikuwa nani, kwa sababu wewe unamjua kama mzee mpole wa barua pepe, na katika nyumba hii umemsikia kama jina linalozima mazungumzo. Vyote viwili havitoshi.

Nilifika Budapest kwa skolashipu ya serikali, na koti la kuazima lililonipita magoti. Tulikuwa Wazanzibari watatu na Mkongo mmoja. Mwaka wa kwanza tulisoma lugha tu, wa pili uchumi, na katika uchumi ndipo tulipomkuta Lajos Berkes. Alikuwa mhadhiri msaidizi, hajafika miaka thelathini, suruali moja wiki nzima. Walimu wengine walitufundisha mpango wa taifa kutoka ubaoni. Yeye alitutoa nje. Alitupeleka kwenye foleni ya duka la nyama, akatuambia tusimame, tusikilize, tusinunue kitu. Tuliporudi akauliza, "Nani ameona bei?" Tukamtajia bei iliyoandikwa ukutani. Akatikisa kichwa. Bei, alisema, ni saa ambazo yule bibi wa mbele amesimama kwenye baridi, na ni yale maziwa aliyompa muuzaji kwa siri chini ya meza. Kilichoandikwa ukutani ni mapambo.

Jambo jingine nililolipenda kwake: alikuwa anasema "sijui". Katika saa moja ya darasa angeweza kulisema mara tatu. Sikuwa nimepata kumsikia mwalimu akilisema, skuli wala chuoni, na mimi mtoto wa fundi viatu wa Ng'ambo, mjini Unguja, nilidhani elimu ni kufika mahali ambapo huhitaji tena kulisema.

Krismasi bweni lilifungwa. Wenzangu walikwenda kwa jamaa zao Berlin, mimi sikuwa na pa kwenda, Berkes akanichukua hadi kwa mama yake, mji mdogo, mwendo wa saa tatu kwa treni. Mama yake alisimama mlangoni akamuuliza mwanawe, akidhani sielewi, "Hali nguruwe? Basi anakula nini, masikini?" Nikamjibu mwenyewe kwa Kihungaria kwamba nakula kila kitu kingine, na kwa wingi. Akacheka, akachinja bata bukini. Kule kila mtu ana siku ya jina lake katika kalenda, na siku hiyo hupelekewa maua. Yule mama alilitafuta jina la Mbarouk kalenda nzima, hakuliona. Akachukua kalamu akaliandika katikati ya mwezi wa Mei, chini ya jina la mtu mwingine. Tangu mwaka ule alinitumia kadi kila Mei, popote nilipokuwa. Nakueleza haya ujue kwamba sikuwa mjinga wa kumwamini mtu yeyote tu. Nilikula kwao.

Nilihamia London nikaajiriwa idhaa ya Kiswahili. Kule nyuma Budapest mambo yakageuka, vyama vingi vikaja, na wachumi waliokuwa wakinong'ona wakaitwa majukwaani. Berkes alikuwa mmoja wao. Idhaa ikanituma kuripoti uchaguzi kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyeijua lugha, nikamfuata siku nne katika kampeni.

Siku ya tatu alihutubia katika ukumbi wa michezo, watu wamekaa kwenye viti vya mazoezi. Mzee mmoja wa kofia alisimama akauliza, "Bwana mchumi, mkate utapanda?"

"Hautapanda," akajibu Berkes.

Kwenye gari nilimwambia, "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba utapanda."

"Utapanda sana," akasema. "Lakini nikimwambia hivyo atashinda yule anayesema hautapanda, na yule hajui hata kwa nini unapanda."

Nikacheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, Nasra, na nimechukua muda mrefu kuliona kuwa kosa. Mbele ya macho yangu alimdanganya mzee aliyemuuliza swali la heshima, nami nikaona nimekaribishwa jikoni, nimeonyeshwa chungu kinavyopikwa. Kuambiwa ukweli ambao wengine wananyimwa kunalewesha. Sikuandika habari ile. Niliandika kuhusu umati.

Akashinda, akawa mbunge, akawa waziri kwa muda mfupi, kisha akateuliwa kuwa gavana wa benki kuu ya nchi yake. Nilimfuatilia kutoka hapa kama mtu anavyomfuatilia kaka yake. Niliona pia kwamba lile neno lake lilikuwa linapungua. Alipokuwa mbunge alilisema mara chache. Alipokuwa waziri, nililisikia mara moja. Gavana hakulisema kabisa. Alikuwa na jibu la kila kitu, na majibu yake mengi yalikuwa sahihi, sitamnyima hilo. Alikuwa mchumi hodari kweli.

Sasa kanda. Alikuja London kwa mikutano, na waandishi wa Kiingereza waliokuwa wakimtaka aliwakataa wote. Alinipigia mimi. Nilikwenda hotelini kwake na mashine ya kurekodia begani, ilikuwa nzito kama mtoto wa miaka miwili. Tulizungumza kwa Kihungaria dakika arubaini juu ya mfumuko wa bei. Mwishoni nilimuuliza swali la kufungia, lile ambalo huwa halina jibu: anajiona wapi baadaye. Akasema, "Nje. Nitaondoka kabla ya Pasaka. Mawaziri hawasomi ninachowaandikia, basi waandike wao, mimi nisome."

Muhula wake ulikuwa bado na miaka. Mashine ilikuwa inazunguka.

"Hilo ni la hewani?" nikamuuliza.

"Kwa Kiswahili?" Alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. "Mbarouk, Budapest nzima nani anasikiliza Kiswahili? Mwambie bibi yako Zanzibar gavana anakwenda zake."

Nilichukua hilo kuwa ruhusa. Mpaka leo nasema ilikuwa ruhusa. Lakini nilijua kitu ambacho yeye hakukijua. Kila idhaa katika jengo letu iliandika muhtasari wa habari zake kwa Kiingereza na kuusambaza ghorofa zote, ili wengine wachukue watakacho. Muhtasari wa jioni ile niliuandika mimi. Habari yake ilikuwa ya tano, chini ya mafuriko na mpira, nami nikaiandika mistari miwili nikaenda kula. Kesho yake mchana ilikuwa dunia nzima.

Alinipigia mezani kwangu. Sauti yake ilikuwa ya chini, bila salamu.

"Kanda unayo?"

"Ninayo."

"Nani mwingine ameisikiliza?"

"Hapana mtu. Hapa kwetu nani ataielewa?"

"Ifute."

Nikaisogeza kanda karibu yangu.

"Nitasema ni maneno ya kwenye chai, yamechukuliwa kabla ya wakati wake," akaendelea. "Wewe sitakugusa. Lakini kanda ikiwepo nimekwisha leo, hata hiyo Pasaka siioni. Mbarouk, wewe ni mtu wa nyumbani. Mama anakuita mwanawe."

Hakunitisha. Hakuniahidi kitu. Nimeirudia simu ile kichwani nikitafuta mahali aliponilazimisha, sikupaona. Kilichokuwepo ni kwamba gavana wa benki kuu ya nchi nzima alikuwa ananiomba kitu mimi, na nilipendezwa kuombwa.

Mwisho wa korido kulikuwa na mashine ya kufutia kanda, kisanduku cha chuma chenye sumaku. Unaiweka kanda juu yake, unaizungusha mara mbili, unaigeuza, unaizungusha tena. Tulifanya hivyo kila siku kwa kanda za zamani ili zitumike upya, lakini sheria ilikuwa kwamba kanda yenye habari ikae kwanza rafuni miezi kadhaa. Mimi niliizungusha mchana huo huo. Nikaibandua lebo, nikaiweka kwenye rundo la kanda tupu. Nadhani wiki iliyofuata mtu alirekodia taarabu juu yake.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Haikupotea kwenye kuhama. Niliifuta mimi.

Siku ya pili yake Berkes alisimama mbele ya waandishi wa kwao. Idhaa ya Kihungaria ilikuwa ghorofa ya juu yetu, na huko alikuwepo mama mmoja mtu mzima, Ilona, tuliyezoea kunywa naye chai. Aliniletea karatasi akanisomea mwenyewe, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Gavana alisema mwandishi yule alikuwa mwanafunzi wake zamani. Kijana mzuri. Bahati mbaya Kihungaria chake ni cha sokoni, na yeye gavana Kiswahili hakijui, hivyo hakuweza kumsaidia. Waandishi walicheka.

Ilona akakunja karatasi. "Kihungaria chako ni safi kuliko cha mwanangu," akasema. "Nipe kanda. Nitaisikiliza mbele ya wakubwa, dakika tano, mambo yaishe."

Nikamwambia imekwisha kufutwa. Hakuniuliza nani. Chai ya pamoja ikaisha siku hiyo.

Mkuu wa idhaa yetu alikuwa Bwana Kitsao, Mgiriama, mtu wa maneno machache. Yeye nilimwambia kanda ilichukuliwa kwa bahati mbaya pamoja na za zamani. Ndiyo mara ya kwanza kusema uongo huu. Ule wa kuhama jengo ulikuja baadaye, ukaufunika.

"Ndugu yangu," akasema, "mimi nakuamini. Lakini imani haisikiki redioni."

Akanihamishia kwenye kipindi cha salamu za wasikilizaji. Miaka miwili, Nasra, niliyekuwa nimeripoti kuanguka kwa serikali nilisoma salamu zimfikie Mwajuma wa Tanga, popote alipo, kutoka kwa binamu yake. Niliifanya vizuri kazi ile. Mpaka leo wapo watu wazima Kenton wanaonisimamisha barabarani kwa sababu niliwahi kuwasalimia harusini.

Na Berkes akajiuzulu. Wiki moja kabla ya Pasaka. Taarifa ilinikuta zamu, nikaisoma mwenyewe hewani, sentensi mbili, kisha hali ya hewa. Hakuna aliyekuja kuniambia, "Kumbe ulisema kweli." Yeye mwenyewe hakupiga simu. Aliendelea: profesa, mshauri, mbunge tena, sasa mwenyekiti wa taasisi unayokwenda. Ukimsoma gazetini huoni doa, wala mimi siwezi kusema lipo lingine. Ninalolijua ni hilo moja.

Utauliza kwa nini nilimdanganya mama yako. Tulikuwa na mwaka mmoja ndani ya ndoa. Alinikuta nimekaa jikoni na viatu, akauliza kanda iko wapi, kwa sababu alikuwa na akili kama zako. Nilitaka kusema. Lakini niligundua, pale pale, kwamba mtu aliyesalitiwa huletewa chai, na mtu aliyemsaidia msaliti huletewa ushauri. Nilikuwa na kiu ya chai. Nikasema imepotea mahali ofisini, na baadaye tulipohama jengo nikasema imepotelea huko. Akaniamini, akamchukia Berkes kwa niaba yangu kwa uaminifu mkubwa, na kila alivyozidi kumchukia ndivyo nilivyozidi kushindwa kurudi nyuma.

Kuna jambo jingine dogo, na hili sijamwambia mtu. Kadi za mama yake Berkes ziliendelea kuja baada ya yote yale. Miaka minne, kila Mei, maua na jina langu. Sikujibu hata moja. Mwaka wa tano haikuja, nikajua amekufa. Mimi niliyelelewa kwamba msiba huendewa hata wa adui, sikutuma taazia. Nilijiambia sina anwani. Anwani ilikuwa nyuma ya kadi nne. Berkes alinikosea, lakini mama yake alinilisha bata, nami nikamlipa kwa kunyamaza, kwa kuwa kunyamaza ndiko ninakokuweza. Hasira yangu haikuchagua. Nilidhani naishika mimi kumbe inanishika.

Sasa turudi kwenye Alhamisi. Ulileta ile sura ya kitabu chake, umeichapa, umepaka rangi ya njano juu ya aya moja. Ukanisomea. Inasema palikuwa na mwanafunzi kutoka Zanzibar, mwenye mapenzi mengi na lugha kidogo, ambaye bila kukusudia alimponza. Naandika kwa Kiswahili uliyoyasema kwa Kiingereza: "Baba, miaka yote hii hajaona haya? Nitamwambia usoni. Nitamwambia kanda ingekuwepo angeumbuka."

Mama yako akaitikia, "Mwambie."

Mimi nikasema, "Ilipotea tulipohama," nikaomba chumvi.

Ungekwenda nalo. Ungesimama mbele ya mtu wa miaka karibu themanini, anayejua kilichoipata ile kanda, kwa kuwa ni yeye aliyeomba. Angekusikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha angekuambia, nawe ungeona usoni pake kwamba anasema kweli. Nimeona watu wengi wakiumbuka, ndiyo kazi yangu. Sikutaka uumbuke kwa kunitetea. Imenichukua siku tisa kuamua, na hiyo pia uiandike kwenye makosa yangu.

Sitakuambia Jumatatu ufanye nini. Kazi ni yako. Unaweza kunyamaza ukaitafsiri sura yote, na aya yangu ikakaa humo, nitaishi. Unaweza kuikataa kazi, lakini ikatae kwa sababu zako, zangu zina tundu. Na unaweza kumwambia kwamba baba yako amekueleza yote, pamoja na simu ile. Akikataa kwamba alipiga, basi utajua wewe mwenyewe ni mtu wa namna gani, hutahitaji mimi.

Lakini aya ile ina uongo mmoja ambao hauhitaji kanda. Anasema lugha ilikuwa kidogo. Haikuwa kidogo, wala sasa si kidogo. Nimeisoma sura yake nzima kwa Kihungaria baada ya wewe kulala, na kuna mahali pawili ambapo Kiingereza cha msaidizi aliyekutangulia kimekosea. Nimeandika masahihisho kwenye karatasi iliyo ndani ya bahasha hii, yatakusaidia. Akitaka kubishana juu ya lugha yangu, mpe namba ya simu. Tutabishana kwa lugha yake.

Mzee huyo atakufundisha mengi, na mengi yatakuwa ya kweli. Msikilize hasa siku atakaposema hajui. Kama amerudi kulisema neno hilo uzeeni, nitafurahi kusikia, na sisemi kwa kejeli. Kaburini kwa mama yake, kama utapata nafasi na yeye akakuonyesha, peleka maua. Sema ni ya Mbarouk, yamechelewa.

Usimfutie mtu kitu. Hili ndilo shauri pekee nililo nalo, na nimelinunua ghali kiasi kwamba naona vibaya kutokukupa.

Mama yako bado anaamini habari ya kuhama jengo. Yeye nitamwambia kesho, tukishakuacha uwanja wa ndege, ndani ya gari, njia nzima ya kurudi. Ukitua, piga simu yake. Kama atakataa kunipa niseme nawe, utajua nimeshamwambia.

Baba yako,
Mbarouk